Tulivyogawa Ploti ya Mama na Kuihamisha Nyumba Yake, Elburgon

Mstari wa kwanza ulipita katikati ya sebule. Mtaalamu wa mipango ya ardhi alikuwa ametandaza karatasi yake juu ya meza ya Mama, akachora ploti yetu kwa penseli, akaonyesha nyumba kwa kisanduku kidogo, kisha akaweka rula na kuvuta mstari wa kuigawa ardhi, na mstari huo ukakipasua kile kisanduku vipande viwili: jikoni na chumba cha Mama upande mmoja, mlango wa mbele na nusu ya sebule upande wa pili. Mama, ambaye mji mzima humwita Mwalimu kwa sababu alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, aliivuta karatasi karibu, akaitazama kwa makini kama anavyotazama daftari la mwanafunzi, kisha akauliza swali moja tu: kipi kilikuwa rahisi kusogea, mstari au nyumba?

Nimeamua kuyaandika yaliyofuata kwa kirefu kwa sababu wakati huo nilitafuta mtu aliyewahi kufanya yote mawili kwa pamoja, yaani kugawa ardhi ya makazi na kuihamisha nyumba iliyokuwa juu yake, nikapata wengi waliofanya moja kati ya hayo na karibu hakuna aliyeweza kunieleza jinsi mambo hayo mawili yanavyogusana.

Elburgon ni mji wa mbao. Uko katika Kaunti ya Nakuru, kwenye nyanda za juu za Mau zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa miaka mingi maisha yake yametegemea misitu ya saiprasi na viwanda vya kupasua magogo. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani hapa ni za mbao kuanzia sakafuni hadi kwenye kenchi, na ndiyo maana mtu wa Elburgon haoni ajabu nyumba inapofunguliwa na kusimamishwa kwingine. Mama alinunua ploti yake, nusu ekari, mwaka 1986, na nyumba aliijenga mwaka 1988 wakati ubao mzuri ulipatikana hatua chache kutoka mlangoni. Kuta zake ni mbao za saiprasi zilizolaliana kama magamba ya samaki, fremu ni ya mbao za inchi tatu kwa mbili, sakafu ni ya mbao pia, na nguzo zinazoibeba ni za mtarakwa. Ukubwa wake ni futi 30 kwa 24. Wakati ule aliiweka katikati ya ploti, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba ploti hiyo ingegawanywa siku moja, na kwa kuwa mbele alitaka bustani ya maua na nyuma shamba la viazi.

Mwaka 2020 alituita, dada yangu na mimi, akatuambia kwamba anataka kila mmoja wetu awe na hati yake angali yu hai. Alikuwa ameona majirani wawili wakifikishana mahakamani juu ya ardhi iliyogawanywa kwa maneno ya mdomo na mti wa mpea uliohesabiwa kuwa mpaka, na mpea ule ukakatwa. Sharti lake lilikuwa moja, na alilirudia kila tulipokutana: yeye naye lazima awe na nambari yake ya ardhi, hati yake, na nyumba yake juu ya ardhi hiyo. Hakutaka kuwa mgeni wa mtoto yeyote. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona familia nyingi zikigawa ardhi yote kwa watoto huku mzazi akiachiwa ahadi kwamba ataendelea kukaa pale pale alipo, na ahadi hiyo haiandikwi popote. Siku mtoto akichukua mkopo kwa hati ile, au akifariki, au akiuza, mzazi hana karatasi ya kusimamia. Naamini kabisa kwamba sehemu ya kwanza kuchorwa katika mgawanyo wa familia ni ya yule anayegawa.

Nusu ekari ni takriban mita mraba 2,023. Ploti yetu ina upana wa mita 30.5 kando ya barabara na inarudi nyuma mita 66 na kidogo. Ili sehemu za nyuma zifikike, ilibidi kutoa njia ya upana wa mita 6 kandokando ya ua wa kushoto, na hapo ndipo watu wengi hushtuka, kwa maana njia ni ardhi inayotoka mfukoni mwa wote: yetu ilimeza mita mraba 264 kabla ya yeyote kupata chochote. Sehemu ya mbele na ya kati zikabaki na upana wa mita 24.5 na kina cha mita 22, na ya nyuma, ambapo njia inaishia, ikapata upana wote. Mama aliichagua ya nyuma. Kisima kiko huko, miti yake ya plamu iko huko, na magari ya barabarani hayasikiki sana.

Tulijaribu kwanza kuukunja mstari. Mtaalamu alituchorea mpaka unaoizunguka nyumba kama mto unavyozunguka jiwe, na kwa penseli ulionekana wa busara. Lakini sehemu ya mbele ilipata umbo la buti, ile ya kati ikabaki na shingo nyembamba isiyoweza kujengeka, na njia ikapita mita moja na nusu kutoka dirisha la chumba cha kulala. Zaidi ya hayo, Mama angebaki katika sehemu ya kati wakati kisima kiko katika sehemu ya nyuma. Mstari uliokunjwa kwa ajili ya nyumba yenye umri wa miaka thelathini na tatu ungebaki umekunjwa hata baada ya nyumba hiyo kutoweka, na wajukuu wangerithi kona ambazo hakuna angeweza kuwaeleza sababu yake.

Kujenga nyumba mpya nalo lilikuwa wazo, na kwingineko lingekuwa ndilo wazo la kwanza. Hata hivyo, tangu Februari 2018 serikali ilikuwa imesimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, viwanda vingi vya hapa vilikuwa vimefunga milango, na bei ya ubao ilikuwa imepanda kiasi kwamba mji uliozaa mbao ulikuwa ukinunua mbao kutoka mbali. (Marufuku hayo yaliendelea hadi Julai 2023, Rais Ruto alipotangaza kuyaondoa.) Fundi mkuu alizunguka nyumba ya Mama mara mbili, akichoma kila nguzo na kila ubao wa chini kwa ncha ya kisu, akasema kwamba saiprasi iliyopasuliwa mwaka 1988 ilikuwa imekauka na kukomaa kuliko yoyote ambayo angetuuzia mtu sokoni. Hesabu yake ilionyesha kwamba kuihamisha nyumba, pamoja na nguzo mpya, misumari na mbao za kufidia zilizooza, kungegharimu karibu theluthi moja ya kujenga upya kwa ukubwa ule ule.

Kwa upande wa sheria, njia ilikuwa ndefu lakini ilieleweka. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ni kaunti inayotoa ruhusa ya kugawa, na maombi huandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Ruhusa ya kusimamisha nyumba mahali pengine ni ombi jingine kando, na lazima nikiri kwamba sikulijua hilo mwanzoni. Nilidhani nyumba iliyokuwapo tayari haihitaji kuombewa tena. Inahitaji. Kwa mamlaka ya mipango, nyumba inayowekwa kwenye msingi mpya ni ujenzi, hata kama kila ubao wake ni wa zamani. Kisha, kwa kuwa kwenye makaratasi ardhi yetu ilihesabiwa bado kuwa ya kilimo, ingawa kwa miaka mingi haikuwa na kilimo zaidi ya matuta ya viazi na sukumawiki, tulihitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kwa mujibu wa sheria ya 1967. Mgawanyo wa ardhi ya namna hiyo bila kibali cha bodi hubatilika, hata kama wahusika wote wamekubaliana na kutia sahihi.

Siku ya bodi tulikwenda sote watatu, kwa sababu wajumbe hupenda kuiona familia kwa macho. Walimuuliza dada yangu kama ameridhika, wakaniuliza mimi, kisha mjumbe mmoja mzee akamgeukia Mama.

“Na wewe Mwalimu, ukishawagawia hawa, utakaa wapi?”

“Kwangu,” akajibu. “Sehemu ya tatu ni yangu, na nyumba yangu itanifuata huko.”

Mzee yule aliandika kitu kwenye karatasi yake, akatikisa kichwa kukubali, na hakuuliza jingine.

Mpimaji ardhi mwenye leseni alikuja baada ya hapo, na hapa nitakawia kidogo kwa kuwa ndipo tulipojifunza zaidi. Hati ya Mama ilisema “ukubwa wa takriban hekta 0.2”, na neno takriban lina uzito ambao wengi wetu hatuupi. Sehemu kubwa ya ardhi iliyosajiliwa Kenya ina mipaka ya jumla: ramani ya usajili inaonyesha kwamba mpaka upo na unapita upande gani, lakini haidai kuonyesha mahali hasa unapopita kwa sentimita. Alama halisi ni ile iliyo ardhini, na kwetu ilikuwa ua wa kayaba uliopandwa na wenyeji wa kwanza waliogawiwa shamba hilo na chama chao cha ushirika. Ua wa kayaba usiopunguzwa hunenepa. Wetu, upande wa kushoto ambako njia ingepita, ulikuwa umefikia upana wa karibu mita mbili, na mpimaji alieleza kwamba mpaka huhesabiwa katika mstari wa mashina ya zamani, wala si ukingoni mwa matawi. Tulipokata matawi pamoja na jirani, ambaye kwa hekima ya Mama alialikwa tangu siku ya kwanza na akanyweshwa chai kila mara, tulirudishiwa karibu mita nzima ya ardhi iliyokuwa imelala ndani ya miiba, naye akarudishiwa yake.

Ila tulikuwa tayari tumefanya kosa. Kiangazi cha nyanda hizi ni kifupi. Machi ikiisha mvua haziko mbali, na nyumba iliyofunguliwa haiwezi kungoja mvua. Kwa haraka hiyo, mafundi walichimba mashimo ya nguzo mwishoni mwa Januari 2022 kwa kupima kutoka kwenye ua kabla haujapunguzwa na kabla ya bikoni, yaani alama za mpaka, kuwekwa. Mpimaji alipokuja na chombo chake na kuweka bikoni za sehemu ya tatu, safu nzima ya nguzo za mbele, sita kwa jumla, ilikuwa sentimita 60 ndani ya eneo la kugeuzia magari mwishoni mwa njia. Zege lilikuwa limeshakauka. Tuliyafukua mashimo yale sita kwa mtaimbo siku mbili, tukachimba mengine. Hakuna wa kulaumiwa ila sisi wenyewe, maana mpimaji alikuwa ametuonya kwenye simu tusiguse udongo kabla yake. Yeyote anayesoma hapa akiwa na mpango kama wetu, namsihi: bikoni kwanza, jembe baadaye. Na zikishawekwa zisiguswe, kwa kuwa kung’oa au kusogeza bikoni ni kosa la jinai.

Kuihamisha nyumba yenyewe kulichukua siku kumi na moja. Wapo wanaobeba nyumba ya mbao nzima nzima, wanaume arobaini wakipitisha miti chini ya sakafu na kuinua kwa pamoja, na kwa chumba kimoja au viwili jambo hilo linawezekana vizuri. Ya Mama ilikuwa na vyumba vinne, sebule na dari, na fundi mkuu aliogopa kwamba ingepinda na kuvunjika mgongo. Kuibomoa ubao kwa ubao nako alikukataa. Ubao uliokaa na msumari zaidi ya miaka thelathini hupasuka mwishoni msumari unapong’olewa, na kuta zenye mbao mia mbili zingetupotezea nusu ya mbao hizo. Aliamua kuzikata kuta ziwe vipande vikubwa pamoja na fremu zake: ukuta wa futi 30 ukawa vipande vitatu vya futi kumi, kila kimoja kikikatwa katikati ya nguzo ya fremu ili pande zote mbili zibaki na mti wa kushikia. Kila kipande kiliandikwa herufi na nambari kwa rangi nyekundu, ndani na nje, kwa sababu chaki hufutwa na umande wa usiku mmoja.

Mabati yalishuka kwanza. Paa la zamani lina tatizo lake: tundu la msumari katika bati hubaki pale pale, lakini mti ulio chini yake umeshachoka, na msumari mpya katika tundu la zamani la mti hauna mshiko. Ukitoboa matundu mapya kwenye bati, yale ya zamani yatavuja. Nilimwona fundi akikaa juu ya rundo la mapao, akiligeuza moja mkononi, kisha akawaita vijana wake na kuwaagiza wayageuze yote, upande uliokuwa chini ukae juu. Kwa njia hiyo kila bati lilirudi mahali pake, kila msumari ukapita katika tundu lake la zamani la bati na kuingia katika mti ambao haujawahi kuguswa. Aliongeza vizibo vya mpira chini ya vichwa vya misumari, na mvua ya Aprili ilipokuja hatukuweka sufuria hata moja sakafuni.

Wanaume wanane walibeba kila kipande cha ukuta, wakipita kwa miguu juu ya matuta ya viazi yaliyovunwa, umbali wa mita 31. Nguzo za mtarakwa zilipong’olewa tulizikuta zimeliwa ganda la nje tu. Kiini kilikuwa chekundu na kigumu, na harufu yake ilijaa uwanja mzima kana kwamba zimekatwa juzi. Tulizikata mwisho uliooza, zikawa fupi mno kwa kufukia ardhini, ndiyo sababu ya zege: kila nguzo sasa imekaa juu ya kishina cha zege kilichonyanyuka futi moja kutoka kwenye udongo, huku kipande cha bati kikiitenganisha na unyevu. Katika baridi ya huku, kinachoua nyumba ya mbao ni maji yanayopanda kutoka chini.

Sakafu ndiyo iliyotushangaza. Mbao zake zilihesabiwa, zikafungwa mafungu kwa mpangilio, na zilipopigiliwa tena zikibanwa vizuri ubavu kwa ubavu, zilipungukiwa na nafasi ya inchi nne ukutani. Miaka yote ile, kwa joto la jiko, zilikuwa zimesinyaa kidogo kidogo na nyufa zikajigawa sawasawa hivi kwamba hakuna aliyeziona. Fundi alitia ubao mmoja mpya. Ni mweupe kati ya wenzake waliokolea rangi ya asali, na Mama alikataza usipakwe rangi ya kuufananisha.

Mambo ya umeme nayapita haraka: mita hukatwa na kampuni kabla ya ukuta kuguswa, na nyaya hukaguliwa upya na fundi mwenye leseni kabla ya kuunganishwa. Mama alilala kwa dada yangu mjini wiki tatu, na kila asubuhi saa mbili alikuwa uwanjani na kiti chake.

Jambo lililobaki, na ambalo nusura tulisahau, lilikuwa maji. Kisima kimeangukia kwenye sehemu ya Mama, lakini sote watatu tunakitegemea. Wakili aliyeandaa nyaraka za kuhamisha alituuliza kama tunataka haki ya kupita na ya kuteka maji isajiliwe juu ya hati ya kisima, tukamjibu kwa tabasamu kwamba sisi ni familia. Mama hakutabasamu. Alisema kwamba yeye ndiye mwenye kisima na yeye ndiye anayetaka iandikwe, kwa kuwa hajui nani atakuwa mwenye kisima baada yake. Iliandikwa. Njia nayo ilibaki na nambari yake ya pekee, kwa majina yetu matatu.

Mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021, ulianzia Nairobi, kwa hiyo sisi tulifanya kila kitu kwa makaratasi. Fomu ya mgawanyo iliposajiliwa, ramani ya usajili ilirekebishwa, nambari ya zamani ikafungwa na nambari nne mpya zikazaliwa. Mama alirudisha hati yake ya zamani kwa ofisi ya ardhi, na kabla ya kuitoa aliomba nakala, akaiweka kwenye bahasha pamoja na risiti ya mbao za mwaka 1988.

Hati mpya zilitoka Novemba 2022. Dada yangu ameanza kujenga kwa mawe pale mbele, mahali palipokuwa na maua, na amempa Mama mizizi yote ya kanna na ya maua mengine, ambayo sasa imepandwa kandokando ya kibaraza. Sehemu yangu ya kati bado ni tupu, na mashimo ya nguzo za zamani bado yanaonekana nyasi zikikatwa. Njia inahitaji changarawe kabla ya mvua za mwaka huu, malori matatu kwa hesabu ya fundi, na tumekubaliana kila mmoja alete moja.